Mkoba wa maalim na uzi wa sindano mbili

Msomaji wangu, ikiwa umesoma chuoni katika mwambao huu wetu, bila shaka unakumbuka vitu viwili vya ngozi. Kimoja ni mjeledi wa maalim, na cha pili ni jalada la msahafu. Cha kwanza kilitufunza adabu kwa kuuma, na cha pili kwa kunyamaza. Nilipokua kidogo na kuanza kusoma sarufi ya Kiarabu ndipo nilipotambua kwamba maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Yote yametoka katika shina lile lile ambalo ndani yake mna neno jild, yaani ngozi. Mwenye kupiga mijeledi na mwenye kujalidi kitabu, wote wawili ni watu wa ngozi. Ila mmoja huitia alama na mwengine huivika kitabu.

Maalim wangu mimi alikuwa na kitu cha tatu, na hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu leo. Alikuwa na mkoba wa msahafu. Ulikuwa mkoba wa ngozi ya ng'ombe wa rangi ya tende mbivu, upana wake kama sentimita 28 na urefu wake 22, wenye kifuniko kilichoteremka mbele na ukanda wa kuvalia begani. Katika kifuniko hicho palikuwa na ua la majani manane, na katika kila pembe jani moja peke yake. Majani hayo hayakuchorwa wala hayakupakwa rangi. Yalikatwa. Fundi aliiondoa ngozi akaacha madirisha kumi na mawili, kisha nyuma ya madirisha akaweka ngozi nyembamba ya mbuzi, nyekundu. Basi ukiutazama mkoba ule kwa mbali ungedhani una makaa ya moto ndani yake.

Maalim akituambia kuwa mkoba huo ulishonwa na fundi wa Siyu, na kwamba yeye aliurithi kwa babake. Sisi watoto tulikatazwa kuugusa. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba hata mfuko uliotengenezwa kwa ajili ya msahafu, maadamu msahafu umo ndani, usiguswe bila udhu. Nalijua sharti hilo tangu nikiwa na meno ya maziwa. Na nililivunja.

Wembe wa kuchongea kalamu

Ilikuwa mwaka 1978, nami nina umri wa miaka minane. Nyumbani kwetu gunia la unga lilikuwa likifunguliwa kwa kuvuta uzi mmoja tu. Mama alikuwa akikata ncha, akavuta, na mshono wote ukafumuka kwa mlio mmoja kutoka pembe hadi pembe. Mimi nilikuwa nikiipenda kazi hiyo kuliko halua. Basi siku moja maalim alipotoka kwenda kutia udhu wa Adhuhuri, na mkoba ameuacha umening'inia msumarini, nilichukua wembe wangu wa kuchongea kalamu nikakata shono moja chini ya kifuniko. Nilitaka kuona tu. Nilitaka kuona mkoba ukifunguka wote kama gunia la unga.

Haukufunguka. Nilivuta kwa kucha, wapi! Maalim akarudi, nami nikarudi kwenye ubao wangu huku moyo wanipiga. Kwa miezi mingi baada ya hapo nikawa nauchungulia mkoba ule kila asubuhi kabla ya kumwamkia maalim mwenyewe, nikingoja siku utakapoachia na msahafu ukaanguka chini mbele ya watu. Siku hiyo haikuja. Nilihitimu, nikatoka chuoni, nikaingia katika kazi ya magazeti na mashairi. Maalim akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi sikumwambia kitu.

Mkoba ulibaki kwa binti yake, ambaye leo ndiye anayesomesha watoto katika ukumbi ule ule. Mwaka uliopita alinipigia simu. Alisema kwamba ukanda umeanza kuachia pale unapoungana na mkoba, na kwamba kijidaraja cha ngozi baina ya majani mawili kimepasuka. Akaniuliza kama namjua fundi wa kumwamini, maana alikwisha kwenda kwa fundi wa viatu mmoja akamwambia autupe anunue mpya. Nilimjua. Nikaenda nikauchukua, baada ya yeye kuutoa msahafu na kuuweka marufaani. Njia nzima nilikuwa nimeukumbatia kama mtoto mgonjwa.

Barazani kwa mshoni

Fundi huyo ni mzee wa Kisiyu anayeketi barazani kwake, Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Wenye kupita humwona ameinama, koleo ya mbao ameibana kwa mapaja, mikono imefunguka kama mtu anayeogelea.

"Assalamu alaykum, mzee wangu. Sabalkheri."

"Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Karibu kitako."

Nikampa mkoba. Hakusema neno. Aliugeuza ndani nje, akaunusa, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, taratibu, kama sisi tulivyokuwa tukipitisha kijiti juu ya herufi. Kidole kikafika chini ya kifuniko kikasimama.

"Hili shono halikukatika," akasema. "Hili limekatwa. Tena kwa wembe."

Nikakohoa. Nikamuuliza, kama mtu asiyejua chochote, yawezekanaje mkoba ukae na shono lililokatwa miaka yote hiyo usifumuke.

Mzee alicheka, akanionyesha. Aliuchukua uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, akatia sindano katika ncha hii na sindano nyengine katika ncha ile. Sindano hizo zilikuwa butu, maana kazi ya kutoboa si yao, ni ya msharasi. Akatoboa tundu, akapitisha sindano ya kulia kwenda kushoto, kisha ya kushoto kuja kulia, katika tundu lile lile, akavuta kwa mikono miwili sawasawa. Akatoboa la pili, akafanya vivyo hivyo.

"Sasa tazama," akasema. "Kila tundu limepitiwa mara mbili. Upande huu wa ngozi una uzi wake, na upande wa pili una uzi wake. Ukikata huu, ule wa nyuma bado umeshika. Na tundu la kabla yake limejifunga, na la baada yake limejifunga. Cherehani haifanyi hivi."

Nami nimekwenda nikatazama, na ni kweli. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, mmoja juu na mmoja chini, ambazo hazivuki upande wa pili. Hukutana katikati ya ngozi zikanasana kama vidole, kila mmoja ukarudi kwao. Ukikatika mmoja, mwenzake hauna tena cha kunasa, na ukivutwa mara nyingi mshono huachia kidogo kidogo. Gunia la unga ni duni zaidi, kwani lile hushonwa mnyororo, na mnyororo ukifunguliwa mwanzo hufunguka hadi mwisho. Mimi nikiwa na miaka minane nilikuwa na hesabu sawa, ila niliikosea chombo.

Kukata si kutoboa

Mzee alipoona kwamba sina haraka, alinifunza na mambo ya nakshi. Akanipa vipande viwili vya ngozi nivishike. Kimoja kilikuwa cha mgongo wa ng'ombe, kigumu, hakivutiki. Cha pili kilikuwa cha tumboni, laini, ukikivuta kinakufuata.

"Nakshi haikatwi katika tumbo," akasema. "Ukikata jani katika ngozi ya tumbo, leo ni jani, mwezi ujao ni mdomo wa samaki."

Ua huchorwa kwanza katika karatasi ngumu, kisha huwekwa juu ya ngozi na kufuatishwa kwa ncha butu isiyokata. Kabla ya kisu kugusa ngozi, fundi hutoboa kitundu kidogo cha mviringo katika kila ncha ya jani. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa kuchukua kipande kibovu, akakata pembe mbili: moja kali kwa kisu kitupu, na moja iliyomalizikia katika kitundu. Akavuta zote mbili. Ile kali ilipasuka palepale. Ile yenye kitundu ilisimama. Mpasuko hupenda pembe kali, na kitundu cha mviringo hauna pa kuanzia.

Halafu huja kisu, ambacho kimenolewa kwenye kinoo mpaka kinanyoa nywele za mkono. Katika mstari ulionyooka mkono huvuta kisu. Katika mviringo ni kinyume chake, kisu hutulia na mkono wa pili huizungusha ngozi. Baina ya jani na jani hubakishwa daraja la ngozi, na daraja hilo ndilo roho ya kazi nzima. Fundi mchanga hulipunguza ili ua lionekane jembamba na zuri, na baada ya mwaka daraja hukatika. Ndilo lililotokea katika mkoba wa maalim, ingawa hapa palichukua umri wa watu watatu.

Baada ya kukata, ngozi nyekundu ya mbuzi hupakwa gundi na kulazwa nyuma. Mtu mvivu angeishia hapo. Lakini gundi peke yake katika joto na unyevu wetu wa pwani haikai. Kwa hivyo kila dirisha huzungushiwa mshono wake, karibu na ukingo, matundu yakiachana milimita nne, na bikari ndiyo inayoutia alama mstari ili usiyumbe. Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikukijua kwa umri wangu wote: kila dirisha huidhoofisha ngozi, na nguvu iliyoondolewa na kisu hurudishwa na uzi. Anayekata sana na kushona kidogo ameuza sura akaacha chombo.

Kwa kuwa tulisomeshwa hesabu za mirathi, nilikaa nikapiga hesabu ya mkoba ule. Mishono ya mbavu zake, upande wa mbele na upande wa nyuma, ni sentimita 144. Madirisha kumi na mawili, kila moja likizungukwa na sentimita kumi, ni sentimita 120. Kwa tundu moja kila milimita nne, hayo ni matundu 660. Na kwa kuwa kila tundu hupitiwa mara mbili, sindano zimepita mara 1,320. Mzee, kwa mwendo wake wa mashono matatu kwa dakika, angehitaji saa tatu na dakika arobaini za kushona tu, asiinue kichwa wala asinywe kahawa. Na bado hujahesabu kuchora, kukata, kubandika, kupunguza maki ya ngozi pembeni, wala kuusugua ukingo kwa maji, mfupa na nta mpaka ung'ae.

Siyu, Kurtuba na Kano

Wako wanaodhani kwamba ufundi huu tuliletewa na watalii. Hilo si kweli hata kidogo. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanavyuoni wake, kwa kunakili misahafu na kwa mafundi wake wa ngozi. James de Vere Allen, aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya Lamu, aliandika mwaka 1979 makala juu ya Siyu ya zama hizo. Mji huo uliomsumbua Seyyid Said hata majeshi yake yakashindwa, na ambao haukuingia mikononi mwa Unguja mpaka mwaka 1863 wakati wa Seyyid Majid, ndio huo huo uliokuwa ukikaa kitako ukashona viatu, mikanda na majalada. Watu wa vita na watu wa sindano walikuwa wa mtaa mmoja.

Wala nakshi ya kukata si mtoto wa jana katika ulimwengu wa Kiislamu. Katika karne ya 15, huko Misri ya Mamaluki na huko Herat chini ya ukoo wa Timur, wajalidi wa vitabu walikuwa wakikata ngozi nyembamba kama utando wa buibui, na nyuma yake wakiweka hariri au karatasi ya rangi. Tena kazi hiyo waliifanya ndani ya jalada zaidi kuliko nje, ili aionaye awe ni yule afunguaye kitabu kusoma. Kurtuba ya Andalusi nayo ilivuma kwa ngozi hata Waingereza wakampa mshona viatu jina linalotokana na mji huo, nao wanalitumia mpaka leo. Na ile ngozi nyekundu ya mbuzi ambayo Ulaya waliijua kwa jina la Moroko, nyingi yake ilitoka nchi ya Wahausa, Kano na pande zake, ikavushwa jangwa la Sahara kwa migongo ya ngamia, nayo Moroko ikapata sifa kwa kuwa ndiko sokoni.

Sisi nasi tulikuwa na dawa zetu. Magome ya mikoko yana ukali ambao huigeuza ngozi mbichi ikawa ngozi isiyooza, na mwanzoni mwa karne ya 20 magome ya mikoko ya Lamu yalipakiwa vyomboni yakapelekwa ng'ambo kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Huko bara magome ya miwati hufanya kazi ile ile. Tangu mwisho wa karne ya 19 viwanda vingi duniani vimehamia chumvi za kromiamu, ambazo humaliza kwa siku chache kazi ambayo magome huifanya kwa wiki au kwa miezi. Ngozi ya kromiamu ni laini na huvumilia maji. Lakini mzee wangu wa Kibokoni kwa nakshi anataka ngozi ya magome, kwa kuwa ukingo wake hukubali kusuguliwa ukafunga, na katika kazi ya madirisha ukingo ndio uso.

Ngozi na dini yetu

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya anasa. Katika Sura ya An-Nahl tumekumbushwa kwamba Mola ametujaalia katika ngozi za wanyama nyumba nyepesi za siku ya safari na siku ya kutua. Na mtukufu wa darja, Mtume wetu, Sala na Salamu zimshukie, imepokewa kwamba alikuwa akivitengeneza viatu vyake kwa mkono wake mwenyewe. Ikiwa yeye hakuona haya kushika uzi na ngozi, ni nani leo wa kumdharau mshoni?

Tumesomeshwa pia kwamba ngozi ikishatiwa dabgha hutohara, ila kwa madhehebu yetu ngozi ya nguruwe na ya mbwa haitohariki kwa dawa yoyote. Na hapa nina neno na akina mama na mabinti wanaonunua mikoba madukani. Mingi ya mikoba hiyo ina ngozi nyengine ndani ambayo muuzaji mwenyewe haijui. Ifungue, itazame kwenye mwanga. Ngozi ya nguruwe, ikiwa haikukwanguliwa uso wake, huonyesha vitundu vya nywele vilivyokaa vitatu vitatu, kama mafiga. Ya mbuzi vitundu vyake hujipanga kwa safu zilizopinda, na ya ng'ombe ni vidogo na hutawanyika sawasawa. Ukiwa na shaka, acha.

Na ukitaka kujua kama mkoba umeshonwa kwa mkono, usitazame mbele. Mbele kila mkoba ni bibi harusi. Tazama nyuma ya mshono na ndani ya kifuniko. Shono la mkono huinama kidogo kama maandishi ya mtu, na pande zote mbili huwa limejaa. Muulize fundi alimaliziaje: fundi wa kweli hurudi nyuma matundu mawili au matatu kabla ya kukata uzi, wala hafungi kifundo. Madirishani, bonyeza ngozi ya chini kwa kidole. Ikicheza, basi imeshikwa na gundi tu, nayo itakuacha masika ya kwanza.

Ukisha kuununua, usiuanike juani na usiufungie katika mfuko wa plastiki, kwani unyevu wa pwani utauletea ukungu. Ufute kwa kitambaa kikavu, uupake nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta kidogo ya nazi, uuache kivulini upumue. Mkoba wa ngozi ni kama jamaa: ukimtembelea mara chache kwa mwaka hakuachi.

Shono moja

Mzee alifanya kazi siku nne. Aliufumua mshono wa ukanda akaushona upya katika matundu yale yale ya zamani, bila kutoboa jipya hata moja, kwa sababu kila tundu jipya ni jeraha. Chini ya daraja lililopasuka aliingiza ulimi mwembamba wa ngozi ya mbuzi akaushonea pande zote mbili. Alipomaliza aliniita.

"Limebaki lile shono lako," akasema.

Nikamtazama. Sikuwa nimemwambia neno.

"Lile la chini ya kifuniko," akaendelea, kama kwamba hakuona uso wangu. "Nilishone au niliache? Likiachwa halidhuru. Limekaa zaidi ya miaka arobaini."

Nikasema si langu kulijibu, mwenyewe yuko.

Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja mpaka chuoni. Watoto walikuwa wametawanyika, na binti wa maalim alikuwa akizipanga mbao ukutani. Niliketi mkekani, pale pale nilipokuwa nikiketi, nikamweleza. Nikamwambia habari ya gunia la unga, na wembe, na udhu ambao sikumbuki kama nilikuwa nao. Nikamwambia kwamba nimekuwa mtu mzima, nimeandika beti nyingi za kuwaonya watu wengine, na hilo sikuweza kumwambia babake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mojawapo ya mawili, ama hasira ama machozi. Sikupata hata moja.

"Na lishonwe," akasema.

Mimi, kwa ujinga wa kazi yangu, nikasema labda ni vizuri liachwe liwe ukumbusho.

"Ndugu yangu," akanijibu, "chombo cha msahafu hakiachwi na jeraha ili mtu apate kisa cha gazetini. Lishonwe, na ulilipie wewe. Na kila Shaabani, kabla ya mwezi kuandama, uje uupake mkoba huu mafuta kwa mkono wako. Na uje na udhu."

Basi nililipa. Mzee alichukua uzi mpya, akaupaka nta, akapita matundu matatu kabla ya jeraha na matatu baada yake. Haikumchukua dakika tatu. Ukiutazama mkoba leo, utaona pale chini ya kifuniko kamstari keupe kidogo, maana uzi mpya haujanywa mafuta ya mikono kama wenzake. Mzee anasema utafuata rangi kwa wakati wake.

Nilimuuliza siku hiyo ni nani anayemfuata katika kazi. Akaniambia kwamba vijana watatu wamepita kwake, na wote watatu wamehamia makubadhi ya haraka haraka ya kuuzia wageni, kwani viatu hulipa jioni na mkoba hulipa mwezi ujao. Hakuwalaumu. Alisema mwenye kuishi kwa kazi hufuata mnunuzi. Basi lawama, ikiwa ipo, iko kwetu sisi tunaonunua kwa kutazama mbele tu. Mimi nimeagiza mkoba mmoja kwa ajili ya binti yangu, wenye majani manane, nami nimeambiwa ningoje zamu. Ninangoja. Na Shaabani iliyopita nilikwenda chuoni na kikopo cha nta, udhu ninao.

Nawaaga kwa beti hizi mbili:

Nyuzi mbili zipitapo, tundu moja kukutana,
Mmoja ukatikapo, wa pili hushika sana,
Na mwenzako angukapo, simama naye bayana,
Ngozi husalia papo, kwa nyuzi zilofungana.

Wembe wangu wa utoto, ulikata sikujuwa,
Nikadhani kama mto, nyuzi zitajifumuwa,
Kwa umri na mapito, somo nimelitambuwa,
Kazi isiyo fukuto, ndiyo inayochukuwa.